Kaburi la Dereva wa Balozi

Machi 17

Mvua ya njahi, masika yetu, imetupata bila kujiandaa. Nimepanda mistari miwili ya maharagwe, mgongo ukakataa, nikaingia ndani. Tangu nistaafu ualimu mkono huniwasha nisipoandika, kwa hivyo nitaandika msimu huu, hata kama ni habari za matope tu. Nilifundisha Kiswahili hapa Nyeri maisha yangu yote na mambo yangu siwezi kuyaandika kwa lugha nyingine.

Jioni tumetazama Balozi wa Mbali, mchezo wa runinga ambao Cucu haukosi kila Jumapili. Cucu ni mama mkwe wangu, Watiri. Tunaishi wawili katika boma hili. Mchezo ni wa balozi kutoka nchi fulani ya baridi huko Ulaya. Serikali yake imepinduliwa, ubalozi umefungwa, na yeye amesahaulika Nairobi kama mwavuli. Dereva wake, Simeon, ndiye aliyemwonea huruma akampeleka kwao mashambani. Huko balozi hajui lolote: anakataa chakula cha watu, anakalia kiti cha mwenye nyumba, anawaamkua wazee kwa kuwapungia mkono. Mimi humwona mpumbavu aliyevaa tai. Cucu hata hamtazami. Anamtazama dereva.

"Huyo kijana anashika stelingi kama Gathogo," amesema, kama anavyosema kila Jumapili.

Gathogo ni mwanawe, na ni mume wangu. Aliendesha lori la viazi kutoka Timau hadi Juba. Safari moja lori lilipatikana kando ya barabara, ng'ambo ya mpaka, viazi vimeoza ndani, yeye hayupo. Binti yetu Njoki alikuwa darasa la saba. Sasa anauza mchele Wang'uru na ana mtoto wake. Hatukuzika mtu wala kufanya matanga, kwa sababu Cucu hakubali. Mimi nilikata tamaa zamani, lakini nani atamwambia mama mtu.

Machi 20

Mvua. Ng'ombe ana kikohozi.

Machi 27

Leo amekuja msichana wa Nairobi, anaitwa Shiku, viatu vyeupe, akavizamisha kwenye matope langoni na hakulalamika. Kumbe yeye ndiye mwelekezi wa Balozi wa Mbali. Wanatafuta boma lenye nyumba ya mabati ya zamani na mlima nyuma yake. Mlima ulikuwa umejificha siku nzima. Nikamwonyesha tu mahali unapokaa.

Anasema Simeon atakufa. Wanataka kumzika hapa kwetu, katika mchezo, na watu wa kijiji ndio watakuwa waombolezaji.

"Shosho asijue mapema," akaniambia juu ya Cucu, "tusimharibie story."

Paa letu linavuja mahali pengi, nami nikaona mabati mapya kichwani mwangu, nikakubali. Kaburi nikasema wachimbe kule chini kwenye mikaratusi, karibu na mto, ambako hakuna mtu hupita. Akasema sawa.

Aprili 4

Nimekwenda soko la Karatina asubuhi. Niliporudi nimekuta malori mawili langoni na kaburi limechimbwa.

Si kwenye mikaratusi. Eti kule chini kuna tope na kamera hazisimami. Wamechimba nyuma ya jikoni, ubavuni mwa kaburi la baba mkwe wangu Mutahi, kwa upande wa kulia. Hapo ndipo panapongoja kifungua mimba wake, Gathogo. Kila mtu kilima hiki anajua. Shiku hakujua, angejuaje, alisema tu kwamba hapo mlima utaonekana vizuri ukijitokeza.

Cucu alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, akitazama udongo mwekundu.

"Mmempata?" akaniuliza.

Nilimweleza mara nyingi. Ni mchezo, Cucu, ni wale wa runinga. Akatikisa kichwa kama mtu anayefichwa jambo na anavumilia. Nimekasirika na Shiku, nimekasirika na mabati, zaidi nimejikasirikia mimi.

Aprili 5

Hawakupiga picha. Mvua tangu alfajiri.

Aprili 6

Mvua. Wamefunika kaburi kwa turubai. Turubai limejaa maji likaingia ndani lenyewe.

Aprili 8

Kwetu kaburi huchimbwa asubuhi ya mazishi na kufukiwa siku hiyo hiyo. Hili limelala wazi tangu Alhamisi. Leo kina mama wa kanisa wamefika na sukari, unga na majani chai, wakaingia wakiimba polepole. Wangechi, mwenyekiti wao, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwalimu. Tumesikia ati ameletwa. Sasa ako mochari gani?"

Nilipowaambia hakuna aliyeletwa walitazamana. Chai wakanywa, sukari hawakurudi nayo. Wangechi alipotoka alipita kando ya shimo na kusimama, akafanya ishara kwa wengine waondoke mbele yake.

Nimecheka jioni peke yangu, lakini si kicheko cha kufurahi.

Aprili 9

Yule anayeigiza balozi amewasili. Jina lake Viktor, anaishi Nanyuki, anafundisha watu kupiga piano. Nilimpa githeri, mahindi na maharagwe yetu, akasema ameshiba. Nikamwambia Shiku huyu haigizi chochote, ndivyo alivyo.

Aprili 11

Kingori amekuja. Ni mdogo wa Gathogo, mzee wa kanisa, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikimwogopa kwa sababu ya shamba. Nilijua atauliza nani aliniruhusu. Akazunguka kaburi mara moja, akaingia jikoni, akakaa.

"Mama Njoki, hii shimo haiwezi baki tupu," akasema. "Wakimaliza mchezo yao watarudisha mchanga waende. Lakini sisi ndio tutabaki hapa. Shimo imefunguliwa kando ya mzee, na haina mtu. Itaita mtu mwingine."

"Kingori, wewe ni mzee wa kanisa."

"Najua mimi ni nani. Unajua pia watu hufanya nini kama kaburi imechimbwa na maiti hakuna."

Najua. Hukata mgomba na kuuzika. Mgomba hulala mahali pa mtu na ardhi inaridhika, au watu wanaridhika, sijui ni yupi.

"Sasa mgomba utakuwa wa nani?" nikamuuliza.

Alitazama nje, kwa mama yake pale kwenye stuli.

Niliruka kama niliyechomwa na chai. Nilimwambia hamtamzika mtu wangu ndani ya mchezo wa televisheni, na kwamba kama anataka shamba aseme shamba. Alisimama, akavaa kofia yake. "Shamba ni yako na Njoki," akasema. "Niliandikisha hivyo kwa chifu kitambo. Ungeniuliza ningekuambia." Akatoka mvuani.

Nimeaibika. Mtu huyu nimemsalimia kwa meno miaka na miaka.

Aprili 12

Mvua. Ukuta mmoja wa kaburi umeanza kumomonyoka. Vyura wanalia ndani.

Cucu hali. Anakunywa uji kidogo asubuhi, halafu ni stuli na shimo.

Aprili 14

Jumapili. Katika mchezo, Simeon ameugua. Analala kwenye kitanda cha kamba na balozi amekaa pembeni hajui hata kumpa maji. Mwishoni Cucu akasema, "Hata huyo."

Akaniomba nimsaidie kuinuka. Mlangoni pa chumba chake akasimama, mkono wake begani kwangu.

"Kingori aliniambia habari ya mgomba," akasema. "Mimi ndio nilimtuma kwako."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mimi ni mama yake. Nimengoja mpaka macho imeisha. Nimechoka, Wakiuru. Kila mbwa akibweka ninaamka. Sitaki kufa nikiwa nasikiliza mbwa. Wewe hujachoka?"

Nikasema nimechoka. Akasema basi.

Lakini nimekaa hapa na kalamu na nimeona jambo ambalo sikulijua. Nilikuwa nikisema mwanamke huyu ndiye anayekataa, ndiye anayetuzuia. Yeye ameshamwachilia. Ni mimi. Koti la Gathogo la kahawia liko kwenye kabati, na kila Desemba hulitoa juani lisiingie nondo. Mtu aliyekata tamaa haaniki koti la mtu.

Aprili 15

Wanasema kesho anga litafunguka. Kingori alikuja akasimama uani bila kuingia. Nilimtolea koti. Alilikunja akaliweka kwapani.

Aprili 16

Ningependa kuandika hili vizuri kwa sababu sijui kama nitaweza kulisimulia.

Kulikucha pakavu. Mlima ulikuwa wazi wote, mpaka theluji kidogo iliyobaki, na Shiku alikuwa akipiga makofi kwa furaha. Walileta jeneza la kukodi, jepesi, lina vipini vya dhahabu ya rangi. Wakalishusha nyuma ya jikoni wakaenda kushughulika na nyaya zao. Kingori na wanaume wengine watatu walifika na mgomba umefungwa ndani ya gunia, kama watu waliobeba lishe ya ng'ombe. Hakuna aliyewauliza. Walilaza mgomba ndani, wakaufunika kwa lile koti la kahawia, koti langu. Nasema langu. Wakapiga misumari.

Kijiji kizima kilikuja. Shiku alikuwa ameomba waombolezaji thelathini hivi, wakaja hadi wakajaa kwenye maharagwe. Wazee walivaa suti zao. Kina mama wa kanisa walivaa vitambaa vyeupe. Njoki alifika kutoka Wang'uru na mtoto mgongoni. Sikuwa nimemwambia. Wangechi ndiye aliyempigia simu. Kila mtu alijua isipokuwa wenye kamera.

"Wow," Shiku akaniambia, "watu wako wamejitokeza, mwalimu. Wako serious."

Mchungaji alikuwa wa kuigiza, kijana mwenye joho jipya. Alisoma maneno yake: ndugu yetu Simeon, dereva mwaminifu, Simeon aliyependwa na wote. Na kila aliposema Simeon, nilisikia nyuma yangu wanawake wakisema Gathogo, chini chini, wote pamoja. Gathogo. Sijasikia jina hilo likitajwa na watu wengi namna hiyo tangu harusi yetu. Njoki alinishika upande mmoja, Kingori upande wa pili, na nikalia kilio ambacho sikujua bado ninacho.

Wanaume walishusha jeneza kwa kamba. Viktor alitakiwa kusimama ukingoni, kuchota udongo na kutojua la kufanya nao, maana balozi hajui. Alichota. Kisha akasimama kweli akitutazama, mkono umefumbwa, na uso wake ukabadilika. Nadhani wakati huo aliacha kuigiza.

"Cut," Shiku akasema. "Nzuri sana. Tunarudia. Jeneza litoke, tupige angle ya pili."

Hakuna aliyesogea. Cucu alikuwa tayari ametupa konzi yake ya udongo. Nami nilikuwa nimetupa yangu. Kingori alichukua sepetu akaanza kufukia, na wale wengine wakafuata.

"Hapana, hapana, bado," Shiku akasema. "Mzee, ngojeni kidogo. Hiyo ni prop, jeneza la kukodi, tunairudisha."

Huku kwetu ukianza kufukia hupumziki. Sepetu hupokezanwa, anayechoka anampa mwenzake, lakini udongo hauachi kuanguka mpaka tuta lipande. Walikuwa wanaendelea, wakiimba, na Shiku akawa anakimbia huku na huku na karatasi zake. Mwishowe akanijia mimi, mwenye boma.

"Mwalimu, tafadhali, waambie."

Nikasema, "Huyo hatolewi."

"Lakini hakuna mtu ndani."

"Yuko."

Viktor alikuwa amesogea karibu. Kiswahili chake ni cha kuvunja mawe. "Mama, hapa nani?" akaniuliza.

"Mume wangu," nikasema.

Alinitazama, akamtazama Cucu. Ule udongo bado ulikuwa mkononi mwake. Alikwenda akautupa, akarudi akamwambia Shiku kwa Kiingereza kwamba picha waliyopata inatosha, yeye harudii. Shiku alikaa juu ya sanduku la nyaya akashika kichwa. Baadaye Kingori alimwambia jeneza atalilipa yeye, naye akasema si hilo, si hilo. Alikuwa analia pia. Nilimpa chai. Viktor alikula githeri sahani mbili.

Mvua imerudi saa hii. Tuta limekuwa jekundu sana. Nimelala mchana kama mgonjwa.

Aprili 19

Nimepalilia maharagwe yaliyokanyagwa. Cucu amekula ugali.

Aprili 28

Mvua kubwa. Mto umepanda. Mikaratusi miwili imeanguka. Cucu analala hadi jua linatoka. Jana mbwa walibweka, nikamsikia anakoroma.

Mei 12

Walikuja kina mama kunitoa nje kama mjane anavyotolewa. Walinifunga kitambaa, tukaomba, wakanipeleka sokoni wakaninunulia sahani mpya. Ni ajabu ya kitu, kupewa jina ambalo ulikuwa ukilikimbia halafu linakukaa vizuri. Nalala. Naamka. Nimemwambia Kingori anisaidie kuuza fahali.

Msalaba waliouacha watu wa mchezo una jina la Simeon. Njoki amesema ataleta rangi.

Mei 26

Baridi na ukungu. Maharagwe nusu yameoza.

Juni 2

Leo ndiyo imeonyeshwa sehemu ya mazishi. Watu walijaa sebuleni hadi dirishani. Cucu alivaa kitambaa cha kanisani.

Sijui tulitarajia nini. Kamera imekaa usoni mwa Viktor muda wote. Machozi yake tumeyaona vizuri. Jeneza limepita pembeni mwa picha kama gari linalopita. Wimbo wetu wameufunika kwa piano. Mimi nimeonekana bega. Kingori, kofia. Cucu hakuonekana kabisa, na watu wote wakawa wanaangalia chini ili wasimwangalie yeye.

"Wametuonyesha?" akauliza, maana macho yake sasa huona mwanga tu na vivuli vinavyosogea.

Wangechi akamwambia ndio, Cucu, vizuri sana.

Akaridhika. Wakati mwingine uongo hutoka kwa mtu mwema kama maji.

Juni 7

Ukungu. Njoki ameleta rangi lakini mbao za msalaba ni mbichi, haishiki. Tungoje jua.

Juni 9

Jumapili. Tulikuwa wawili tu, watu wana kazi zao. Nilikuwa nachambua maharagwe, sisikilizi sana. Balozi anatembea peke yake barabarani, kwenye vumbi, mahali panapofanana na Isiolo. Lori linasimama. Mlango unafunguliwa.

Nikasikia sauti kabla sijainua kichwa. Cucu akaisikia pia.

Ni Simeon. Amesimama na kofia yake ile ile, anacheka, anamkumbatia balozi. Eti aliyezikwa alikuwa mtu mwingine. Eti hospitali ilikosea, ikawapa familia maiti ambayo si yake, na yeye alikuwa amelazwa mbali, hajui jina lake, hadi siku moja akalikumbuka.

Maharagwe yalimwagika. Nilikimbia kuzima na nikamkuta Cucu ameinuka peke yake, bila kushikwa, uso umeelekea kwenye kile kioo.

Nilimpigia Shiku. Alifurahi kunisikia. "Watu walitusumbua sana, mwalimu," akasema. "Messages mingi, kila siku. Walimpenda Simeon. Hatungeweza kumwacha hivyo." Nikamshukuru, mimi mjinga, nikakata simu.

Cucu alikuwa ametafuta mkongojo wake.

"Mwambie Kingori alete jembe," akasema.

"Cucu, keti."

"Tumefukia mtu hajakufa. Tulimwambia kwaheri na yeye ako njiani. Ndio sababu hakuja kwa ndoto. Wakiuru, mwambie alete jembe."

Nilimshika mabega. Nikamwambia taratibu, kama nilivyowaambia watoto darasani, kwamba huyo ni kijana wa Nairobi anayeitwa Gatimu, anasoma maneno aliyoandikiwa, kesho anaweza kufa tena wakitaka. Hiyo ni hadithi ya watu, Cucu. Ni mchezo tu.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na yetu ilikuwa nini?" akaniuliza.

Juni 10

Ukungu haujainuka. Cucu hajala. Amerudi kwenye stuli yake.

Kingori amepita mapema, akachukua majembe yote na sepetu, akayabeba kwake begani. Akaniambia nisijali, mama atatulia, ni siku chache tu.

Sikumwambia kwamba alfajiri, kabla Cucu hajaamka, mimi ndiye niliyekuwa nimeyatoa na kuyalaza kando ya tuta.